William Withering: Daktari aliyetufundisha kuogopa kipimo

Zaidi ya miaka 240 iliyopita, mwanamke mmoja nchini Uingereza alikuwa akimuuguza mumewe. Mume huyo alikuwa mfanyabiashara wa kuzunguka kutoka Yorkshire, na pumu ilikuwa haimpi nafasi. Mkewe aliufahamu mmea mmoja wa kwao uliosifika kwa tiba. Akachuma majani mabichi ya kujaza mkono, akayachemsha kwa maji kama robo lita, akampa. Mume akayanywa yote kwa mkupuo mmoja.

Daktari alipoitwa alimkuta mgonjwa anatapika bila kukoma, macho hayaoni sawasawa, na moyo unapiga mara 40 tu kwa dakika. Kwa kawaida, moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga kati ya mara 60 na 100. Mtu huyo alipona, lakini chupuchupu.

Daktari yule alikiandika kisa hicho kitabuni mwake, na alilomalizia ni jambo ambalo kila mzazi na kila anayeuguza angepaswa kulikumbuka: mama yule aliijua dawa, ila hakukijua kipimo chake.

Daktari mwenyewe aliitwa William Withering. Leo nakusimulia maisha yake, kwa sababu swali alilohangaika nalo kwa miaka kumi ndilo unalopaswa kuwa nalo wewe unapokaa kando ya kitanda cha mgonjwa wako: dawa hii inayomponya yule wa kitanda cha jirani, je, kwa huyu wangu ni salama?

Kijana asiyependa mimea

Withering alizaliwa mwaka 1741 katika mji mdogo wa Wellington, jimbo la Shropshire, katikati ya Uingereza. Baba yake alikuwa mtengenezaji na muuzaji wa dawa, kwa hiyo mtoto alikua akiona mizani, vinu na chupa za dawa nyumbani kwao. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, akahitimu mwaka 1766.

Ajabu ni kwamba huko chuoni somo la mimea halikumvutia hata kidogo. Kilichombadilisha ni mapenzi. Alipoanza kazi katika mji wa Stafford alimtibu binti mmoja aitwaye Helena Cookes, ambaye alipenda kuchora maua. Kijana daktari akawa anamtafutia maua porini ili apate ya kuchora. Mwaka 1772 wakaoana, na mwaka 1776 Withering akatoa kitabu kikubwa kuhusu mimea ya Uingereza. Mtu aliyelikwepa somo akageuka kuwa mmoja wa mabingwa wake.

Mwaka 1775 alihamia Birmingham, mji uliokuwa ukikua haraka kwa viwanda. Huko akawa daktari mwenye wateja wengi matajiri, lakini kila siku alitenga muda wa kuwatibu maskini bila malipo. Kwa hesabu yake mwenyewe, hao walikuwa kati ya 2,000 na 3,000 kwa mwaka. Hospitali Kuu ya Birmingham ilipofunguliwa mwaka 1779, alikuwa miongoni mwa madaktari wake.

Siri ya bibi wa Shropshire

Mwaka huo huo wa 1775 Withering aliombwa maoni kuhusu dawa ya kienyeji iliyotumiwa na bibi mmoja wa Shropshire. Bibi huyo alikuwa akiwatibu watu waliovimba miguu na tumbo kwa kujaa maji mwilini, ugonjwa ambao wakati ule ulikuwa ukiua wengi. Leo tunajua kwamba mara nyingi maji hayo hujaa kwa sababu moyo umechoka na hausukumi damu vya kutosha. Ilisemekana kwamba baadhi ya waliomponea bibi ni wale ambao madaktari walishakata tamaa nao.

Pengine umewahi kuona picha ya bibi huyo akiitwa Mama Hutton. Jina hilo halimo kitabuni mwa Withering. Lilitokana na tangazo la kampuni ya dawa katika karne ya 20, na hadi leo jina lake halisi halijulikani.

Dawa ya bibi ilikuwa na majani ya aina 20 au zaidi. Withering, kwa ujuzi wake wa mimea, aliipitia orodha na kuona kwamba jani lenye nguvu lilikuwa moja tu: la foxglove, mmea wenye maua ya zambarau yaliyokaa kama vidole vya glavu. Wataalamu huuita Digitalis. Alijua pia kwamba dawa hiyo ya bibi ilikuwa kali, kwani wagonjwa walitapika na kuharisha vibaya. Kwa hiyo alikuwa na kitu kinachoponya na kinachodhuru kwa wakati mmoja, na hakuna aliyejua mpaka uko wapi.

Makosa aliyoyaandika mwenyewe

Hapa ndipo penye funzo, msomaji wangu. Withering alianza kwa kukosea.

Alianza kuwapa wagonjwa maskini majani ya foxglove yaliyochemshwa, na baadaye alikiri kwamba mwanzoni vipimo vyake vilikuwa vikubwa mno na alivirudia kwa muda mrefu mno. Sababu yake ilikuwa ya kitaalamu kabisa. Kulikuwa na dawa nyingine ya kutoa maji mwilini, iliyotengenezwa kwa kitunguu cha pwani za Mediterania, ambayo ilifanya kazi vizuri pale mgonjwa alipoanza kuhisi kichefuchefu. Akadhani hii nayo ni hivyo hivyo. Akawa anaongeza dozi hadi mgonjwa achafukwe na moyo, akiamini dawa imefika mahali pake.

Kwa foxglove, kichefuchefu ni kengele ya hatari. Mgonjwa huanza kukojoa maji yaliyojaa kabla hajafika huko. Tena Withering aliona kwamba dawa hii haina haraka: mgonjwa anaweza kumeza leo, akaonekana yuko sawa, kisha kesho au keshokutwa madhara yakajitokeza wakati dozi nyingine zimeshafuata. Daktari asiye na subira huongeza dawa juu ya dawa ambayo bado haijasema neno lake.

Akabadilisha utaratibu, hatua kwa hatua. Aligundua kwamba nguvu ya majani hubadilika kulingana na majira, na kwamba kuchemsha huongeza utata. Akaamua majani yachumwe wakati mmea unapochanua, yakaushwe na kusagwa kuwa unga, ili kila dozi ifanane na iliyotangulia. Kwa mtu mzima akaweka kiasi kidogo sana, kama miligramu 65 hadi 195 za unga huo, mara mbili kwa siku. Linganisha na yale majani ya kujaza mkono.

Kisha akaweka kanuni yake kuu: mgonjwa apewe dawa mpaka ionekane imegusa figo, tumbo, mapigo ya moyo au choo, na dalili ya kwanza ya lolote kati ya hayo ikionekana, dawa isimamishwe. Akaorodhesha pia ishara za mtu aliyezidishiwa: kutapika, kuharisha, kizunguzungu, kuona vitu vikiwa vya kijani au manjano, mapigo kushuka hata kufikia 35 kwa dakika, jasho la baridi, degedege, kuzimia, na mwisho kifo. Orodha hiyo bado inafaa kwa daktari wa leo.

Nani apewe, nani aogopewe

Withering hakuishia kwenye dozi. Alitaka kujua ni mgonjwa wa namna gani atanufaika na ni yupi hatapata kitu ila mateso. Akawa anamtazama kila mtu kabla ya kumwandikia.

Aliona kwamba watu wenye miili ya nguvu, ngozi ya moto, uso mwekundu na mapigo yaliyokaza mara chache walipata nafuu. Lakini mwenye mapigo dhaifu au yanayorukaruka, uso uliopauka, midomo iliyoingia rangi ya bluu na ngozi ya baridi, huyo alimtarajia apone vizuri. Leo daktari wa moyo akiisoma orodha ya pili anamwona mgonjwa ambaye moyo wake umechoka. Withering hakujua sababu. Alidhani dawa inafanya kazi zaidi kwenye figo, ingawa alishangazwa na uwezo wake juu ya mapigo ya moyo. Alichokuwa nacho ni macho, kidole kwenye mshipa wa mkono, na kumbukumbu zilizoandikwa.

Mwaka 1785 alitoa kitabu chake kuhusu foxglove. Ndani yake mna wagonjwa wake zaidi ya 150, mwaka baada ya mwaka. Angeweza kuchagua waliopona tu na kujipatia sifa. Badala yake aliwaweka wote, waliopona na waliokufa, pamoja na wale ambao yeye mwenyewe aliwazidishia. Alikuwa na sababu ya kufanya haraka. Dawa ilikuwa imeshaenea, na mwaka 1783 iliingia katika kitabu rasmi cha dawa cha Edinburgh. Aliogopa mambo mawili: watu wasiojua wataua wagonjwa kwa kuzidisha, na kisha dawa yenyewe, iliyo njema, itatupwa kwa kuonekana sumu.

Hofu yake ilitimia. Baada yake madaktari wengi waliitumia foxglove kwa magonjwa isiyoyaweza, kwa vipimo vikubwa, na sifa yake ikachafuka kwa miaka mingi.

Miaka ya mwisho

Maisha yake hayakuwa ya raha. Aligombana na rafiki yake Erasmus Darwin, daktari maarufu na babu wa Charles Darwin, kuhusu nani wa kwanza kuitangaza dawa hiyo. Mwaka 1791 ghasia zilipozuka Birmingham, nyumba yake nayo ilitishiwa. Zaidi ya hayo, mapafu yake yaliliwa na kifua kikuu, ugonjwa ambao dawa yake haikuuweza. Alikwenda kukwepa baridi nchini Ureno mara mbili, akarudi bila kupona. Alifariki dunia Oktoba 6, 1799, akiwa na miaka 58. Katika kanisa la Edgbaston alikozikwa, kumbukumbu yake imechongwa ua la foxglove.

Dawa ile bado iko wodini kwetu

Huenda unajiuliza, haya yananihusu nini? Yanakuhusu. Mwaka 1930 mtaalamu mmoja alitenga kutoka kwenye mmea wa jamii hiyo hiyo kemikali iitwayo digoxin. Dawa hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, WHO, na hutumika Afrika Mashariki kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo, wakiwemo watoto na vijana ambao valvu za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi.

Tofauti kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru bado ni ndogo, kama alivyoikuta Withering. Vidonge vyake vipo vya mikrogramu 62.5 na vya mikrogramu 250. Ukimpa mtu cha pili badala ya cha kwanza, umempa mara nne. Kwa mtoto anayepewa ya maji, nukta moja ikikosewa mahali pake katika hesabu ni mara kumi.

Lakini hatari haiko kwa digoxin peke yake. Insulini, dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin na heparin, morfini, na potasiamu ya kuchoma kwenye mshipa, zote ni dawa njema ambazo kosa dogo huzigeuza. Mwaka 2017 WHO ilizindua kampeni ya dunia nzima ya Dawa Bila Madhara, ikitaka macho yaelekezwe kwenye mambo matatu: mazingira ya hatari kubwa, wagonjwa wanaotumia dawa nyingi kwa pamoja, na nyakati ambazo mgonjwa anahama kutoka mikono ya mtoa huduma mmoja kwenda kwa mwingine.

Je, mgonjwa wako ni miongoni mwao?

Mtazame kama Withering alivyowatazama wa kwake.

Kwanza, ni mtoto? Dozi ya mtoto hukokotolewa kwa uzito. Kama hakupimwa uzito siku hiyo, omba apimwe kabla ya dawa kuandikwa. Dawa ya maji ipimwe kwa kikombe au bomba la sindano lililokuja nayo. Vijiko vya jikoni havilingani ukubwa.

Pili, ni mzee, au figo zake zina tatizo? Digoxin na dawa nyingine nyingi hutoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zikichoka, dozi ya kawaida hujikusanya siku hadi siku. Mwambie daktari kama mgonjwa ana ugonjwa wa figo au ini, kama mkojo umepungua, au kama ameharisha na kutapika kwa siku kadhaa.

Tatu, anatumia dawa nyingi? Dawa za kukojoza kama furosemide zinaweza kupunguza potasiamu mwilini, na hapo digoxin huwa kali zaidi hata kama dozi yake haijaguswa. Baadhi ya antibaiotiki nazo huipandisha. Usiache kutaja mitishamba na dawa ulizojinunulia mwenyewe duka la dawa. Hakuna daktari anayeweza kukwepa mgongano wa dawa asiyoijua.

Nne, ana mzio? Kama kuna dawa iliyowahi kumvimbisha, kumtoa vipele au kumbana pumzi, iandikwe kwenye faili na itajwe kila anapoingia mtoa huduma mpya.

Tano, hawezi kujisemea? Mtoto mchanga, aliyepoteza fahamu, mwenye kiharusi, au asiyeelewa lugha inayozungumzwa wodini, hawezi kusema kwamba dawa hii si ya kwake. Wewe ndiye mdomo wake. Muuguzi akija na dawa, taja jina kamili la mgonjwa na uulize ni dawa gani na ni ya nini. Wodini wanaweza kuwepo akina Juma wawili.

Sita, anahama? Siku ya kulazwa, siku ya kuhamishwa wodi au hospitali, na siku ya kuruhusiwa ndizo siku ambazo dawa husahaulika au hutolewa mara mbili kwa majina mawili tofauti. Njoo na dawa zote alizokuwa akitumia nyumbani, kwenye mfuko mmoja. Akiruhusiwa, kaa na mfamasia au muuguzi, muulize ipi inaendelea, ipi imeachwa, ipi ni mpya, na uiandike.

Kama majibu ya ndiyo ni mawili au zaidi, mgonjwa wako anahitaji uangalizi wa ziada. Mwambie muuguzi wazi, kwa heshima, na usione haya. Anayehudumia wagonjwa wengi kwa zamu moja atashukuru kuwa na jicho la pili.

Na kama mgonjwa wako anatumia digoxin, kumbuka orodha ya Withering. Akikataa chakula ghafla, akitapika, akichanganyikiwa, akisema anaona manjano au kijani, akizimia au mapigo yakienda polepole isivyo kawaida, mpeleke hospitali mara moja na uende na dawa yenyewe. Usimpe dozi inayofuata kabla hajaonwa na mtaalamu. Lakini asipokuwa na dalili hizo, usimwachishe dawa kwa woga, kwani moyo unaihitaji.

Mwisho, nunua daftari dogo. Andika jina la dawa, nguvu yake, saa iliyotolewa, na ulichokiona baadaye. Withering alifanya hivyo kwa miaka kumi, tena hakuficha pale alipokosea. Wewe nawe, ukigundua umempa mtoto dozi mara mbili, usinyamaze kwa kuogopa kufokewa. Sema saa hiyo hiyo. Yule mama wa Yorkshire alipoulizwa, ilijulikana alichokipika na kiasi gani, na daktari akajua anapambana na nini.